Siku za kawaida zimeenda wapi?

SWALI: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 43. Baba yangu alifariki mwaka jana, na siku ya kumuaga niliombwa niseme machache juu yake. Nikasimama, nikakuta nakumbuka siku kubwa tu: harusi yangu, siku niliyohitimu, wiki zake za mwisho hospitalini. Miaka yote ya katikati, zile siku elfu na elfu tulizokaa nyumba moja, sina hata picha moja. Nilijiona kama mtoto asiyempenda babaye. Sasa naogopa. Mume wangu, wanangu, watu ninaokutana nao kila siku, nao wanapita vivyo hivyo. Watu husema 'furahia vitu vidogo'. Nimejaribu, sioni kitu. Je, jicho la kuona uzuri wa kila siku mtu huzaliwa nalo, au linafundishika? Nimebaki na redio yake ndogo ya mkononi. Ipo kabatini, sina moyo wa kuigusa."

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole kwa msiba.

Nianze na lile neno ulilojichapa nalo, kwamba ulijiona kama mtoto asiyempenda babaye. Nimekaa zaidi ya miaka 20 katika kazi ya saikolojia, sehemu kubwa nikiwasikiliza watu waliofiwa, na lalamiko hilo nimelisikia kuliko jingine lolote. Ila halitoki kwa watu ambao ungewatarajia. Mpwa aliyemwona marehemu mara mbili kwa mwaka atakusimulia kila ziara: alivaa nini, alisema nini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Anayeduwaa ni yule aliyelala naye chini ya paa moja. Waliokuwa karibu zaidi ndio wanaobaki mikono mitupu.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho yako sasa hivi. Chukua karatasi nyeupe, weka nukta moja nyeusi katikati. Pembeni, kama upana wa kiganja kutoka kwenye nukta, paka doa hafifu la penseli, kisha lisugue kwa kidole mpaka kingo zake zififie. Fumba jicho moja, na lile lililobaki likodolee nukta bila kuhama. Ukivumilia nusu dakika hivi, doa linaanza kuyeyuka, halafu halipo. Karatasi imebaki nyeupe. Ukilihamisha jicho kidogo tu, doa limerudi. Ignaz Troxler, daktari wa Uswisi, aliliandika jambo hili mwaka 1804. Jicho na ubongo huacha kutangaza kisichobadilika, maana nguvu zao zina mpaka na huenda kesho zikahitajika kwa jambo la hatari. Lakini doa lenyewe halikwenda popote.

Yanayotokea kwenye karatasi kwa nusu dakika hutokea nyumbani kwa miaka. Mwaka 1972 Endel Tulving, mwanasaikolojia wa Kanada, alitenganisha kumbukumbu za aina mbili. Kuna ya matukio, ile ya siku ile, mahali pale, nami nilikuwepo. Na kuna ya maarifa, ile ya kujua tu bila kukumbuka ulijulia wapi. Hukumbuki siku uliyojifunza neno "maji", unalijua, basi. Asubuhi zinapofanana mno, ubongo hauziweki zote elfu tano. Unaweka moja iliyoshonwa kwa vipande vya zote. Ndiyo maana unajua hatua za baba yako zilivyosikika, unajua alivyofunga mlango, ukisikia mtu mwingine akiufunga hivyo unashtuka, lakini ukiulizwa "ni siku gani hiyo?" huna jibu. Baba yako kwa sehemu kubwa amekuwa kama neno maji. Unamjua kupita kumkumbuka.

Kuna jambo jingine hapa ambalo waliofiwa hawaambiwi, na mimi naliona ndilo lenye dawa. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutanishwa na kitu mara nyingi, hata kama ni sura ya mtu asiyemjua au neno lisilo na maana kwake, anaanza kukipenda kwa kule kukutana nacho tu. Miaka 12 baadaye yeye na William Kunst-Wilson wakalipeleka mbali zaidi. Waliwaonyesha watu maumbo kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda mfupi mno hata baadaye washiriki wakashindwa kutofautisha yale waliyoonyeshwa na yale mapya. Walikuwa wakibahatisha tu. Lakini walipoulizwa ni lipi linawapendeza, walielekea kuchagua yale waliyokwisha kuonyeshwa. Walipenda wasichokumbuka kukiona.

Najua umbo la maabara si baba, na sitaki kulitwisha jaribio mzigo usio wake. Lakini tazama mazoea yanavyofanya kazi mbili kwa mkono mmoja: yanafuta na yanapendesha. Wahenga waliposema mazoea yana taabu, huenda waliwaza mambo mengine kabisa, ila mimi taabu yake naijua kuwa hii. Zile asubuhi zilizompunguza baba machoni pako, nyingi ya hizo zilikuwa zinamwongeza mahali pengine. Ulisimama siku ile ukatafuta picha, hukupata, ukahitimisha kwamba hukumpenda. Ulitafuta stoo isiyo yake.

Je, siku zenyewe zimefutika moja kwa moja? Zipo zilizokwenda. Nyingi zipo bado, ila unabisha mlango usiokuwa wao.

Mama mmoja alinijia miezi kadhaa baada ya kufiwa na mume aliyeishi naye miaka mingi. Kila nilipomwuliza alikuwa mtu wa namna gani, alinijibu maneno ya kaburini: mpole, mchapakazi, mcheshi. Akawa anaikasirikia nafsi yake, kama wewe. Siku moja, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa ujuzi, nikamwuliza, "Alivuaje viatu?"

Akanitazama kama nimemtania. Kisha mguu wake ukatangulia kujibu. Ule wa kulia ukakanyaga kisigino cha kushoto, ukasukuma. "Hakuwahi kufungua kamba," akasema. "Alikuwa anashika ukuta kwa mkono huu. Pakaingia alama pale ukutani. Nilikuwa nikimgombeza kwa ile alama." Akanyamaza kidogo. "Bado ipo."

Baada ya hapo hakuhitaji maswali yangu. Alizungumza karibu saa nzima: chafya zake zilizokuja tatu tatu, wimbo aliousahau katikati na kuurudia mwanzo kila mara, na jioni aliyoingia na soli ya kiatu imebanduka inapiga kofi sakafuni kila hatua, naye akaenda na kurudi mlangoni makusudi ili watoto wacheke. Jioni ile ya soli haikuwa siku kuu. Ilikuwa siku ya kawaida tupu, imekaa nyuma ya ukuta wenye alama kwa miaka, inasubiri mtu aulize habari za viatu.

"Mpole" ni mhuri. Ukiugonga hauelekezi popote, kwa sababu kumbukumbu haikuwekwa kwa jina hilo. Mwaka 1973 Tulving huyohuyo na Donald Thomson walieleza kwamba kumbukumbu hufunguliwa vizuri na kile kilichokuwepo wakati inawekwa: mahali, sauti, mkao wa mwili, kitu kilichokuwa mkononi. Katika miaka ya 1980, Ronald Fisher na Edward Geiselman wa Marekani walitumia maarifa ya aina hiyo kutengeneza namna bora ya kuwahoji mashahidi wa uhalifu. Shahidi huambiwa kwanza arudi kimawazo mahali pale, mwanga ulikuwaje, mwili ulijisikiaje. Aseme hata asichokiona kuwa na maana. Aanzie mwisho kurudi mwanzo. Ajiweke mahali alipokuwa mtu mwingine. Sioni kwa nini njia iliyobuniwa kwa ajili ya wezi isitumike kwa ajili ya baba.

Kwa hiyo acha kujiuliza alikuwaje. Jiulize alishikaje kalamu. Aliliitaje jina lako akiwa chumba kingine, na liliishia juu au chini? Alipokuwa anasubiri, mikono yake aliiweka wapi? Simama pale alipozoea kusimama, utazame alichokuwa akikiona. Kama kuna nguo yake ambayo haijafuliwa, inuse, usione haya. Harufu ina njia fupi kuliko milango mingine ya fahamu: taarifa zake hufika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza kile kituo cha katikati ambacho kuona na kusikia hupitia. Ndiyo maana mtu hulia mbele ya koti kabla hajajua analilia nini.

Tahadhari moja. Frederic Bartlett wa Uingereza alionyesha mwaka 1932 kwamba tunapokumbuka, tunajenga upya. Hatufungui kabati na kutoa kilichokunjwa. Ndugu zako watakuambia mkono ulikuwa mwingine na ukuta ulikuwa mwingine. Msigombane. Andika lako, waandike lao.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, jicho hilo linafundishika. Nami siipendi ile nasaha ya "furahia vitu vidogo", nikuambie wazi. Inaanzia mwisho. Inakuamuru uwe na hisia, na hisia haziamriwi. Mtu akiambiwa afurahi, anachopata ni kazi ya kujipima kama amefurahi. Lugha yetu imepanga mambo haya kwa utaratibu mzuri zaidi. Kitu kinapendeza, yaani kinakufanya upende. Furaha ni kazi ya kile kitu, yako wewe ni kulisogeza jicho ili doa lirudi kwenye karatasi.

Na jicho husogezwa kwa swali dogo: leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo? Usitafute kizuri, tafuta kilichobadilika. Mume wako ana mvi. Sawa, zimeanzia upande gani? Mwanao ana neno jipya analolitumia kila sentensi. Amelitoa kwa nani? Ukiutafuta uzuri wenyewe utaishia kwenye machweo na maua, ambavyo havikuhitaji msaada wako. Ukitafuta mabadiliko utalazimika kumtazama mtu kama mara ya kwanza, kwa sababu lazima umwone ndipo umlinganishe.

Usidhani tunawatazama watu kwa kadiri tunayodhani. Mwaka 1998 Daniel Simons na Daniel Levin walimtuma mtu awaulize njia wapita njia katika chuo kikuu kimoja Marekani. Katikati ya maelezo, watu wawili waliobeba mlango walipita kati yao, na nyuma ya mlango yule muulizaji akabadilishana nafasi na mwingine, mwenye sura nyingine, sauti nyingine na nguo nyingine. Takriban nusu ya waliokuwa wakielekeza njia waliendelea kuelekeza. Hawakugundua kwamba wanazungumza na mtu mwingine kabisa. Nikilisimulia hili watu hucheka, kisha mmoja huuliza kwa sauti ya chini kama lingeweza kutokea nyumbani.

Simu, bila shaka, utakuwa umeshaifikiria. Unapiga picha ili usisahau. Linda Henkel alilijaribu hilo jumba la makumbusho, utafiti uliochapishwa mwaka 2014: vitu ambavyo washiriki walivipiga picha nzima walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu, kama vile kamera imepewa kazi ya kukumbuka kwa niaba yao. Lakini pale walipotakiwa kusogeza picha kwenye sehemu moja tu ya kitu, hasara ile haikuonekana. Sikukatazi simu. Nasema piga mkono, piga kisigino, piga kitasa. Ukilazimika kuchagua sehemu, umeshatazama.

Zoezi ninalowapa watu ni mstari mmoja kila usiku. Mmoja tu, kwa sababu anayeanza na ukurasa huacha wiki ya pili. Na ndani ya mstari huo marufuku kuandika hisia au sifa. Usiandike "leo mwanangu alinifurahisha". Andika "alipanda ngazi akihesabu, akaruka saba, akashuka mpaka chini kuanza upya". Furaha itakuwemo humo humo bila kutajwa, na baada ya miaka kumi itafunguka, wakati lile neno "alinifurahisha" litakuwa mhuri mwingine wa kaburini. Wangu wa juzi ulikuwa huu: dada wa kaunta ana wino kwenye kidole gumba, risiti yangu imetoka na alama yake. Siku nyingi mistari yangu ni mibovu. Siku nyingine naandika "hakuna", nalala.

Utajisikia mjinga, nakuonya. Utaona unaandika mambo ambayo hakuna anayeyahitaji. Mwaka 2014 Ting Zhang na wenzake walichapisha majaribio juu ya jambo hilohilo. Waliwaomba watu waweke kumbukumbu za mambo yao ya wakati ule, mazungumzo ya karibuni, nyimbo walizokuwa wakisikiliza, na wakadirie watakuwa na hamu kiasi gani ya kuyarudia miezi mitatu baadaye. Walikadiria kidogo. Siku ilipofika, hamu na raha ya kuyasoma ilizidi makadirio, na pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa siku za kawaida kuliko kwa siku ya pekee. Kwa maneno mengine, sisi ni wathamini wabaya wa leo yetu.

Kama kuandika hakukufai, tembea. Mwaka 2020 Virginia Sturm na wenzake walichapisha utafiti wa wazee waliotembea dakika 15 kila wiki kwa wiki 8, baadhi yao wakiwa wameelekezwa watafute cha kustaajabia, baadhi wakitembea tu. Wote walijipiga picha njiani. Wale wa kustaajabia, wiki hadi wiki, sura zao zilizidi kuwa ndogo ndani ya picha zao wenyewe; mandhari ikazidi kuchukua nafasi. Hakuna aliyewaambia wasogee pembeni.

Ulitaja pia watu unaokutana nao kila siku. Hapa nivumilie, maana napapenda.

Mwaka 1972 Stanley Milgram aliandika juu ya watu tunaowajua kwa sura tu: yule unayemwona kituoni kila asubuhi, hamjawahi kusemezana, ila asipoonekana unajua kwamba hayupo. Akaeleza jambo moja la ajabu, kwamba watu hao wakikutana mbali na mahali pao pa kila siku ni rahisi zaidi kusalimiana kuliko palepale wanapoonana kila asubuhi.

Nami limenipata. Kwa karibu miaka miwili nilisubiri basi kituo kimoja na mama wa makamo. Yeye alisimama upande wa nguzo, mimi upande wa benchi. Sikuwahi kumwambia hata neno. Kisha nikabadilisha kazi, njia ikawa nyingine, miaka ikapita. Siku moja nimekaa kwenye korido ya hospitali nikisubiri majibu ya mtu wangu, nikaona viatu vimesimama mbele yangu.

"Wewe si ndiye wa mwavuli uliopinda?"

Nilimtambua kwa alivyosimama, uzito wote mguu mmoja. Tukashikana mikono kama ndugu waliopoteana. Ule mwavuli nilikuwa nimeshausahau. Upepo uliupinda upande mmoja, nami nikauvumilia msimu mzima wa mvua kwa uvivu wa kutafuta mwingine. Akaniambia kwamba kila ilipokuwa inanyesha, akifika nyumbani watoto wake walimpokea kwa swali: "Ameubadilisha?" Naye huwajibu, "Bado." Siku nilipotokea na mwavuli mpya, nyumba nzima ilisikitika.

Mimi nilijua sina historia yoyote na mama yule. Kumbe nilikuwa taarifa ya habari ya jioni kwa watu nisiowajua. Neno letu ni kukutana, na humo ndani limo kukuta: kila mmoja amemkuta mwenzake. Mimi kwa miaka miwili sikumkuta mtu pale kituoni. Yeye alinikuta kila siku. Majibu ya mtu wangu yalichelewa sana siku ile, na alikaa nami mpaka yakatoka.

Kwa nini sikuwahi kusema neno? Nilidhani nitamsumbua, na sina shaka naye alidhani hivyo. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio yao na abiria wa treni na mabasi huko Chicago. Abiria walipotakiwa kubashiri, walisema safari ya kukaa kimya itakuwa ya raha kuliko ya kuzungumza na mtu wasiyemjua. Waliotumwa kuzungumza kweli walishuka wakisema safari yao ilikuwa ya raha zaidi kuliko ya wale waliokaa kimya. Si kila mtu anataka kusemeshwa, na mwanamke anajua kuliko mimi wakati gani kimya ndiyo akili. Mwenye vipokea sauti masikioni mwache. Ila pale panaporuhusu, sema sentensi moja juu ya kitu mnachokiona wote wawili, kisha nyamaza. Akitaka ataendelea. Asipotaka, mmekwisha kukutana.

Nyumbani hesabu ni nyingine kidogo, na hapa sitakaa sana kwa sababu utaielewa mara moja. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliwafuatilia wanandoa wapya na kutazama kitu kimoja kidogo mno: mmoja akisema "hebu ona wingu lile", mwenziwe anafanya nini? Anageuka, anaguna, au anaendelea na lake? Baada ya miaka 6, anaripoti kwamba waliobaki pamoja walikuwa wakigeuka mara 86 katika kila 100. Walioachana, mara 33. Wingu lenyewe halina maana. Anayekuonyesha wingu anabisha hodi. Na angalia: hata wale wa ndoa iliyodumu hawakugeuka mara zote, kwa hiyo usianze kujihesabia dhambi jioni ya leo.

Neno la kikazi kabla sijafika mwisho. Umesema "nimejaribu, sioni kitu". Kama maana yake ni kwamba uchovu wa maisha umekuziba macho, yote niliyoandika yanakuhusu. Lakini kama kwa wiki kadhaa hakuna chochote kinachokugusa, hulali vizuri au unalala mno, hata vile ulivyokuwa unavipenda mno havina ladha, hapo tatizo si jicho. Inaweza kuwa sonona, na sonona haiponyeshwi kwa daftari. Muone mtaalamu ana kwa ana, umweleze hivyohivyo ulivyonieleza. Huzuni ya kufiwa na ugonjwa huo vinaweza kukaa nyumba moja, ndiyo maana asiyejua huvichanganya.

Tumalizie na redio.

Itoe kabatini siku ambayo huna haraka na hakuna anayekusubiri. Usiiwashe kwanza. Itazame imeachwaje: sauti iko kiasi gani, kitufe kipi kimechakaa kuliko vingine, antena imeinamia upande gani. Kama ni ya kuzungusha, mshale umesimama wapi? Andika namba hiyo kabla hujagusa chochote, maana ukishausogeza hutaurudisha palepale. Fungua kifuniko cha nyuma. Betri zilizokaa mwaka mzima zinaweza kuwa zimevuja, zitoe kwa kitambaa, weka mpya. Ishike kwa mkono aliokuwa akiishikia yeye, na kama alikuwa wa kuiegemeza sikioni, iegemeze sikio lilelile. Halafu iwashe bila kuhamisha kituo. Huenda utamkuta mtu anasoma habari, huenda ni mikwaruzo mitupu. Kaa nayo dakika chache, uangalie mkono wako unataka kwenda wapi.